Jina la Mpimaji

Kabla ya drafti ya mwaka 1974, kundi la maskauti wa futiboli ya Marekani lilifika Huntsville, jimbo la Alabama, kumpima kijana wa chuo cha Alabama A&M aliyeitwa John Stallworth. Uwanja ulikuwa umelowa. Stallworth akakimbia yadi 40 mbele yao, stopwochi zikabonyezwa, na muda ulioandikwa haukumshtua mtu. Kundi likajiandaa kwenda chuo kingine. Mmoja wao, Bill Nunn wa timu ya Pittsburgh Steelers, akasema hajisikii vizuri, wenzake watangulie. Walipokwisha kwenda zao akamtafuta Stallworth, akamkimbiza tena mahali pakavu, na safari hii muda ukawa wa mpokeaji wa pasi anayestahili kugombewa. Nunn akarudi Pittsburgh na nambari ambayo timu nyingine hazikuwa nayo. Kocha Chuck Noll alipoona filamu za kijana huyo alitaka kumchukua mapema kabisa. Waliolijua soko wakamtuliza, wakimhakikishia kwamba kijana bado atapatikana baadaye. Wakasubiri hadi raundi ya nne, wakampata. Stallworth alitwaa Super Bowl, ubingwa wa futiboli ya Marekani, mara nne akiwa na Steelers, na mwaka 2002 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo, ulioko Canton, Ohio.

Nunn alikuwa mwandishi wa habari za michezo. Gazeti lake, Pittsburgh Courier, lilikuwa la Wamarekani weusi, na kila mwaka aliteua humo timu bora ya vyuo vya watu weusi. Makocha wa vyuo hivyo walimjua kwa sura na kwa jina, wakati timu nyingi za ligi hazikujisumbua hata kutuma mtu. Steelers walimwajiri mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika drafti hiyo moja ya 1974 walichagua wachezaji wanne ambao wote wako Canton: Lynn Swann, Jack Lambert, Stallworth na Mike Webster. Drafti ilipokwisha wakamsajili Donnie Shell wa South Carolina State, kijana ambaye hakuna timu iliyomtaja katika raundi zote, naye pia yuko Canton. Nunn mwenyewe aliingizwa mwaka 2021, miaka saba baada ya kufariki.

Nimeanza na mtu huyu kwa sababu nataka kuweka pamoja namna mbili za kukadiria vijana wa michezo: ile ya Wamarekani, inayomtazama mtu mzima wa miaka 21 au 22 akitoka chuoni, na ile ya akademi za soka za Ulaya, inayomtazama mtoto wa miaka tisa. Ulinganisho wa aina hii mara nyingi huishia kwenye swali la nani anapima vizuri zaidi. Kwangu swali lenye uzito ni jingine. Mpimaji akikosea, kosa linaandikwa wapi, na kwa jina la nani?

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la Ligi Kuu atahitaji kuelezwa kidogo. Timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, hainunui chipukizi wala haimlei. Chuo kikuu ndicho kinachomlea, na kanuni inataka iwe imepita miaka mitatu tangu amalize sekondari ndipo aruhusiwe kuingia kwenye drafti. Kila Aprili timu 32 huchagua kwa zamu. Iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita huanza, bingwa humaliza, na huzunguka hivyo raundi saba hadi vijana karibu 260 wapate pa kwenda. Kijana hana sauti. Akitajwa na timu ya mji wa mbali wenye theluji, huko ndiko aendako; wachache kama John Elway mwaka 1983 na Eli Manning mwaka 2004 waligoma wakafanikiwa, na majina yao yanakumbukwa kwa sababu ni wachache. Vyuo navyo kwa miaka mingi vilivuna fedha nyingi kupitia vijana hawa bila kuwalipa ujira. Ni mwaka 2021 ndipo waliporuhusiwa kuingiza kipato kutokana na majina na sura zao wenyewe.

Aliyebuni utaratibu huu alikuwa na shida yake. Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa ikipoteza mechi na fedha kwa pamoja, alichoka kuona vijana bora wakikimbilia klabu zenye nguvu. Mwaka 1935 akawashawishi wenzake wakubali kuchagua kwa zamu, na tarehe 8 Februari 1936 wakakutana katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia. Majina 90 yaliandikwa ubaoni. Timu hazikuwa na idara za maskauti. Walichojua kilitoka magazetini na kwa maneno ya marafiki. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mshindi wa kwanza wa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo ambayo leo inaitwa Heisman. Hakucheza hata mechi moja ya NFL. Haki zake zilihamishiwa Chicago Bears, wakashindwa kuafikiana juu ya malipo, naye akaenda kufanya kazi nyingine. Ubao ule ulikuwa na jina lake. Nia yake haikuwamo.

Kutoka kwenye ubao hadi kwenye kompyuta haikuchukua hata miaka 30. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dallas Cowboys, chini ya meneja Tex Schramm na msaka vipaji Gil Brandt, walimtafuta mtaalamu wa takwimu aitwaye Salam Qureishi, mzaliwa wa India, mtu wa kriketi asiyejua lolote kuhusu futiboli. Naona hilo ndilo lililomsaidia. Skauti akiandika kwamba kijana fulani ana moyo, Qureishi alilazimika kuuliza moyo huo unaonekanaje, na kama skauti wa jimbo jingine akitumia neno hilo hilo anakusudia kitu hicho hicho. Sifa nyingi zilizokuwa zikielea kwenye ripoti zikapunguzwa hadi chache zenye alama: tabia, wepesi wa mwili, ari ya kushindana, wepesi wa akili, nguvu. Huko Amsterdam, watu wa klabu ya soka ya Ajax ambao hawakuwa na habari na Dallas walifikia orodha yao ya herufi nne, TIPS, wanayoitumia kwa watoto: ufundi, uwezo wa kusoma mchezo, haiba, kasi. Nikiziweka orodha hizi mbili sambamba ninachokiona ni kwamba mapokeo mawili yaliyotengana kwa bahari na kwa umbo la mpira yalikubaliana kuhusu jambo lililo gumu. Nusu au zaidi ya kila orodha haiwezi kupimwa kwa saa wala kwa futi.

Hata hivyo kinachopimika ndicho kilichojengewa jukwaa. Mwaka 1982 timu kadhaa zilianza kuwakusanya vijana pamoja huko Tampa, Florida, ili madaktari wawachunguze kwa mara moja badala ya kila timu kuwasafirisha peke yake. Tangu mwaka 1987 mkusanyiko huo, unaoitwa kombaini, hufanyika Indianapolis, na sasa huonyeshwa kwenye televisheni. Zaidi ya vijana 300 hufika. Kila mmoja hupimwa urefu, uzito, urefu wa mikono na upana wa kiganja. Hulala chali akanyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi awezavyo, huruka juu, huruka mbele, kisha huvua viatu vya kawaida na kuvaa vya mbio, akainama kwenye mstari kwa ajili ya yadi 40, yaani kama mita 37. Rekodi ni ya Xavier Worthy, aliyetumia sekunde 4.21 mwaka 2024. Fikiria jinsi mtihani huo ulivyo wa ajabu: hakuna mpira, hakuna adui, na katika nafasi nyingi uwanjani mchezaji anaweza kumaliza mechi nzima bila kukimbia mita 37 kwa mstari ulionyooka.

Mwaka 1995 kijana wa Boston College, Mike Mamula, alifanya jambo ambalo leo kila mtu hulifanya: alijifua kwa ajili ya mitihani yenyewe. Akang'ara Indianapolis. Eagles wakamtaka kiasi cha kubadilishana na Tampa Bay. Walitoa nafasi yao ya 12 pamoja na nafasi mbili za raundi ya pili ili wapande hadi nafasi ya saba. Tampa Bay, wakiwa sasa na nafasi ya 12, wakamchukua Warren Sapp, ambaye leo yuko Canton. Mamula hakuwa mchezaji mbaya. Aliwaangusha makwotabeki, wale wanaoongoza mashambulizi, zaidi ya mara 30 kabla majeraha hayajamstaafisha, na wapo wengi waliofanya machache kuliko hayo wakasahauliwa kwa amani. Yeye hajasahauliwa; jina lake limekuwa onyo linalotolewa kila mwaka kombaini inapokaribia. Waliokaa chumbani wakaamua kupanda hadi nafasi ya saba, hao huwasikii wakitajwa.

Upande wa pili wa sarafu hiyo yuko Tom Brady, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Michigan. Picha yake ya kombaini ya mwaka 2000 inajulikana sana: kijana mrefu, kifua wazi, kaptula, mabega yamelegea, tumbo halina umbo la mwanamichezo. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, muda wa mtu mnene wa mstari wa mbele. Makwotabeki sita walitajwa kabla yake, na timu aliyoishabikia utotoni, San Francisco 49ers, ilimchukua mmoja wa hao sita ambaye hakucheza hata mechi moja ya ligi. Brady alitajwa wa 199, raundi ya sita, akatwaa Super Bowl saba. Simulizi hilo limechoshwa kwa kurudiwa, lakini kuna mtu ndani yake ambaye hatajwi inavyostahili. Dick Rehbein, kocha wa makwotabeki wa New England Patriots, alitumwa kwenda kumtazama Brady na kijana mwingine, akarudi na neno kwamba wa Michigan ndiye. Agosti 2001 Rehbein alifariki ghafla. Mwezi uliofuata Brady akaanza kucheza.

Sasa twende Ulaya. Wazee wetu walisema nyota njema huonekana asubuhi, na hakuna taasisi duniani inayouamini msemo huo kuliko akademi ya soka. Johan Cruyff aliingia Ajax siku alipotimiza miaka kumi, mwaka 1957, akitokea mtaa ulio jirani na uwanja wa klabu, mahali ambapo mama yake baadaye alifanya kazi ya usafi. Kocha wa vijana alikuwa amekwisha kumwona akicheza mtaani. Hakukuwa na haja ya stopwochi. Andrés Iniesta aliingia La Masia, akademi ya Barcelona, akiwa na miaka 12. Ukimtazama mtoto kwa miaka kumi mfululizo, mvua na jua, akiwa mgonjwa na akiwa mzima, akiwa amefiwa na akiwa na furaha, unamjua kwa kina ambacho siku nne za Indianapolis haziwezi kukupa. Katika hilo Ulaya imeshinda, na sioni njia ya kubishana.

Ila asubuhi ni ndefu, na nyota nyingine huchelewa. Katika akademi nyingi za Ulaya waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili ni wengi kupita kiasi, na sababu ni nyepesi: katika kundi la watoto wa miaka tisa, aliyetangulia kuzaliwa kwa miezi kumi ni mkubwa zaidi, ana mbio zaidi, na jicho la kocha humwona kama mwenye kipaji zaidi. Antoine Griezmann alikataliwa na klabu za nyumbani kwao Ufaransa kwa sababu ya udogo wa mwili, akachukuliwa na Real Sociedad ya Hispania, na mwaka 2018 akawaletea Wafaransa hao hao Kombe la Dunia. Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa mtoto mdogo. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akaangukia ligi za chini sana, na mwaka 2016 akawa bingwa wa England na Leicester. Hawa tunawajua kwa sababu walirudi. Waliobaki hakuna anayewajua. Mtoto wa miaka 11 anayeitwa ofisini pamoja na mzazi wake akaambiwa kwamba msimu ujao hakuna nafasi, anarudi nyumbani na begi lake, na kosa kama lilikuwapo linaondoka naye. Hakuna ubao, hakuna raundi, hakuna nambari 199 ya kuja kumwaibisha mtu miaka 20 baadaye.

Hapo ndipo ninapoiheshimu drafti kwa namna ambayo watu wengi wa soka hawaiheshimu. Kelele zake zote, jukwaa, taa, kofia za timu, zina faida moja kubwa: uamuzi umeandikwa hadharani, kwa tarehe na kwa mpangilio. Yeyote anaweza kurudi mwaka wowote akaona nani alitangulizwa kabla ya nani. Watafiti wawili, Cade Massey na Richard Thaler, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, walifanya hivyo hasa. Walichukua drafti za miaka mingi wakauliza swali la kawaida: timu ikimtanguliza mchezaji mmoja mbele ya mwingine wa nafasi hiyo hiyo aliyefuata kuchaguliwa, mara ngapi huyo wa kwanza anakuwa bora kweli? Jibu lilikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Kurusha shilingi kungekaribia kufanya kazi hiyo. Na juu ya hapo timu zilikuwa tayari kulipa gharama kubwa mno ili zipande zichague mapema, kana kwamba zina hakika. Utafiti kama huo kuhusu watoto walioachwa na akademi ungekuwa mgumu sana kuufanya, kwa maana upande mmoja wa mizani haukuandikwa popote.

Lakini hata ubao wa Wamarekani una dosari, na dosari hiyo ina sura ya kijana wa Dar es Salaam.

Hasheem Thabeet alisoma Makongo, akaanza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani walikuwa wameshacheza mamia ya mechi. Alikwenda kupitia Kenya hadi Texas, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, akiwa na urefu wa mita 2.21. Huko alitisha. Msimu wake wa mwisho alizuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi, akaifikisha timu kwenye nne bora za taifa, na mara mbili akatajwa mlinzi bora wa ukanda wake. Drafti ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, inaendeshwa kwa misingi ile ile ya Bert Bell, na tarehe 25 Juni 2009 Memphis Grizzlies walimtaja wa pili. James Harden akatajwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Dar ilishangilia, na ilikuwa na kila haki ya kushangilia.

Dalili zilikuwapo kwa mwenye kutaka kuziona. Tarehe 16 Februari mwaka huo Connecticut ilicheza na Pittsburgh. Aliyemkabili Thabeet alikuwa DeJuan Blair, mfupi kwake kwa karibu sentimita 20 lakini mpana na mzito. Wakagombea mpira, mikono ikafungana, na Blair akamgeuza Thabeet juu ya bega lake hadi chini. Blair alimaliza mechi na pointi 22 na riboundi 23. Mwisho wa msimu wawili hao wakagawana tuzo ya mchezaji bora wa ukanda. Kwenye drafti mmoja akawa wa pili, mwingine akaporomoka hadi wa 37 kwa sababu madaktari walitilia shaka magoti yake. Urefu ulimpandisha mmoja, goti likamshusha mwingine, na pambano lao wenyewe, lililochezwa mbele ya watu wote, halikupewa uzito wa vipimo hivyo viwili.

Zaidi ya hayo, Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyo hiyo, mchezaji ambaye baadaye alitajwa mlinzi bora wa ligi nzima. Kijana aliyehitaji dakika nyingi ili ajifunze alichaguliwa na timu isiyokuwa na dakika za kumpa. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1, akapelekwa ligi ya maendeleo kabla msimu haujaisha, na mwaka 2011 akahamishwa. Tangu hapo wanaoandaa orodha za chaguo mbovu kuliko zote hawakosi kumtaja. Nataka niseme hili wazi, kwa sababu nimesikia hata vijana wa hapa wakilirudia kwa kebehi: Thabeet hakujichagua. Alifika pale alipofika kwa kazi aliyoianza akiwa amechelewa, na nafasi ya pili walimpa watu wazima waliolipwa kwa kazi hiyo moja tu ya kukadiria. Kosa limeandikwa, naam, tena kwa tarehe. Limeandikwa kwa jina la aliyepimwa.

Hivyo mapokeo yote mawili yana mahali pa kumficha mpimaji. Ulaya humficha kwa ukimya. Marekani humficha nyuma ya mgongo wa kijana.

Maficho hayo yamewagharimu zaidi watu wa rangi fulani. Zaidi ya nusu ya wachezaji wa NFL ni weusi, huku wamiliki wa timu karibu wote wakiwa weupe, na wapo waliofananisha kombaini na mnada wa watumwa. Kwetu sisi, ambao soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, lilifungwa mwaka 1873 na bado tunapita mahali lilipokuwa, maneno hayo hayatamkwi ovyo. Siukubali mfano huo mzima. Kijana wa Indianapolis amekuja kwa hiari, ana wakala, ana chama cha wachezaji, na akifanikiwa ataondoka tajiri. Ila kuna kitu kinachobaki baada ya kukataa: ile hali ya jicho kuutazama mwili likajiona limemaliza kumsoma mtu. Warren Moon aliibuka mchezaji bora wa mechi ya vyuo ya Rose Bowl Januari 1978 akiwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Washington, na miezi michache baadaye hakuna timu ya NFL iliyomtaja, kwani iliaminika kwamba mtu mweusi hafai kuongoza mashambulizi. Akaenda Kanada, akatwaa ubingwa wa huko, Grey Cup, mara tano mfululizo na Edmonton, akarudi, na mwaka 2006 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza Canton. Miaka 40 baada ya Moon, Lamar Jackson, mshindi wa Heisman, alishauriwa hadharani na meneja mkuu wa zamani Bill Polian abadili nafasi awe mpokeaji. Akatajwa wa 32. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote.

Na ile sehemu ya orodha isiyopimika kwa saa, yaani tabia, imetafutwa kwa njia za kusikitisha. Mwaka 2010 kiongozi wa timu moja alimuuliza Dez Bryant, kijana aliyelelewa katika shida, kama mama yake alikuwa kahaba. Baadaye aliomba radhi. Ripoti za mahojiano kama hayo huwa na nafasi ya kuandika kijana alijibuje.

Kuna karatasi moja tu ninayoijua vizuri ambapo mambo yaligeuzwa, na ni ya Ulaya. Septemba 2000 mtoto wa miaka 13 kutoka Rosario, Argentina, mdogo kwa umbo na mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji, alifika Barcelona kwa majaribio. Carles Rexach, mkurugenzi wa ufundi, alirudi safarini akaja kumtazama. Kwa maelezo yake mwenyewe alizunguka uwanja mara moja, na kabla hajafika kwenye benchi alikuwa ameshaamua. Wenzake katika uongozi hawakuamua. Mtoto mgeni, mgonjwa, wa kugharimiwa dawa na familia nzima: miezi ikapita, baba yake akachoka. Tarehe 14 Desemba 2000, katika klabu ya tenisi, Rexach alichukua kitambaa cha karatasi cha mezani akaandika kwamba yeye, kwa dhamana yake na licha ya wanaopinga, anakubali kumsajili Lionel Messi. Akatia sahihi. Mwaka 2024 karatasi hiyo iliuzwa kwa zaidi ya pauni 760,000, na naamini walionunua walikuwa wakinunua jina la Messi. Mimi ningeilipia kwa ajili ya jina la pili. Messi angeshindwa, mtoto asingebeba lawama peke yake. Kulikuwa na mtu mzima aliyejiandika kuwa ndiye atakayeulizwa.

Haya si ya mbali na sisi tena. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya, bila kupitia chuo wala drafti, naye akawa Mkenya wa kwanza katika NFL, ingawa hakudumu. Mwaka 2018 Philadelphia Eagles walimchagua wa 233 Jordan Mailata wa Australia, naye pia mtu wa raga ambaye hakuwa amecheza futiboli hata dakika moja. Walimweka mikononi mwa kocha wa mstari wa mbele Jeff Stoutland kwa subira ya miaka miwili kabla ya kumwingiza mechini, na leo ana Super Bowl. Mwaka 2022 NFL ilifanya kambi yake ya kwanza ya kusaka vipaji barani Afrika, jijini Accra, ikiongozwa na Osi Umenyiora, na baadaye ikafika Nairobi. Akademi za soka nazo zinazidi kuongezeka, Dar, Mombasa, Kigali, na mawakala wanapita kwenye mashindano ya shule wakiwa na madaftari.

Kila kambi ya namna hiyo ina fomu. Ina nafasi ya jina la kijana, tarehe ya kuzaliwa, urefu, uzito, muda wa mbio, na maoni. Mzazi anayetakiwa kutia sahihi chini yake aombe mistari miwili iongezwe: jina kamili la aliyempima mtoto, na tarehe, miaka mitano mbele, ambayo mtu huyo atarudi kuisoma fomu hiyo upya na kueleza kwa maandishi alichokiona na ambacho hakukiona. Nakala moja ibaki kwa mzazi.